Bi Muhuri na Kurasa Zilizonyamaza

Mtu asiyekijua chuo kile angedhani kinaendeshwa na maprofesa. Maprofesa wenyewe walidhani hivyo, na kwa kuwa ni watu wa heshima hakuna aliyetaka kuwaharibia furaha yao. Ukweli ni kwamba katika idara ya elimu, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu ukitoka ngazini, alikaa mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, na ndani ya droo ya meza yake mlikuwa na muhuri. Barua ambayo haikupita kwenye droo ile haikuwa barua. Ratiba ambayo haikupita pale ilikuwa uvumi tu. Hata mkuu wa idara aliwahi kujiombea likizo mwenyewe, akajiruhusu mwenyewe, akajisainia mwenyewe, kisha akaja kusimama mbele ya meza ile kungoja zamu yake.

Wanafunzi walimwita Bi Muhuri. Alijua, akajifanya hajui, lakini siku mgeni mmoja alipomwita "karani" alinuna mpaka saa ya kufunga ofisi. Alikuwa na miaka ishirini na saba kazini. Aliingia akiwa mpiga chapa, enzi za taipureta, wakati mhadhiri alikuwa akileta makaratasi yake kwa adabu na kuuliza yatakuwa tayari lini. Halafu wahadhiri wakanunuliwa kompyuta, wakaanza kujichapia wenyewe kwa vidole viwili viwili, naye akabaki na muhuri. Mwingine angenung'unika. Yeye aliufanya muhuri kuwa fani. Aliupiga upande wa kulia, tarehe imesimama wima, wino umekolea sawasawa pande zote. Akiona muhuri wa idara nyingine umelala upande, alisikitika kwa dhati na kuwaombea.

Basi mwaka huo chuo kikatoa waraka. Waraka ulisema dunia imekwenda mbele, kwa hiyo maandishi yote ya masomo yawekwe kwenye mtandao wa chuo ili kila mwanafunzi, popote alipo na vyovyote alivyo, aweze kuyasoma. Maneno "vyovyote alivyo" yalipigiwa mstari. Idara itakayomaliza kwanza ingepewa cheti. Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole, asiye na tamaa ya kitu chochote duniani isipokuwa vyeti. Aliusoma waraka mara mbili, akaushusha mezani kwa Bi Muhuri, akasema, "Mama, hii kazi ni yako."

Na kweli ilikuwa yake, kwani aliifanya kwa namna ambayo mtu mwingine asingeiwaza. Mhadhiri alituma faili la somo lake kwa barua pepe. Bi Muhuri alilifungua, akalichapa kwenye karatasi, akazigonga muhuri kurasa zote moja baada ya nyingine, akazipitisha kwenye skana, ndipo akaziweka mtandaoni. Faili la mwanzo, lile lisilo na muhuri, alilifuta, lisije likazagaa mitaani likajifanya ni la idara. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo na hakuna aliyemkataza. Kanuni ilikuwa wazi: maandishi ya idara hayatoki bila muhuri. Kompyuta ingemaliza kazi ile kwa siku mbili. Yeye aliimaliza kwa wiki saba, bega la kulia likiuma, na idara ya elimu ikawa ya kwanza, kwa sababu idara nyingine zilikuwa bado zinauliza waraka wenyewe uko wapi. Cheti kikatundikwa koridoni, karibu na mlango wake.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi baada ya chai, alisikia fimbo ikigonga sakafu ya koridoni. Akaingia binti mwembamba, begi mgongoni, fimbo nyeupe mkononi. Alikuwa haoni. Alisomea ualimu, mwaka wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata muhuri au sahihi?"

"Si muhuri wala sahihi, mama. Nimekuja kuuliza masomo ya idara hii yatawekwa lini mtandaoni."

"Yatawekwa?" Bi Muhuri akaondoa miwani. "Yamewekwa zamani! Sisi ndio wa kwanza chuo kizima. Cheti kile pale nje, hebu tazam—" Akajiuma ulimi.

"Nakijua, mama," binti akasema kwa upole. "Kila anayepita anakisoma kwa sauti."

Akatoa simu, akaeleza kwamba ina programu ya kumsomea maandishi, akagusa gusa kioo na kufungua somo la Saikolojia ya Elimu. Sauti ya kike, kavu, isiyo na haraka, ikasema: "Ukurasa wa kwanza. Picha. Ukurasa wa pili. Picha. Ukurasa wa tatu. Picha."

"Simu hiyo mbovu," Bi Muhuri akakata kauli. "Mume wangu ni fundi redio, nitakuelekeza dukani kwake."

"Si mbovu, mama. Inasoma maandishi. Hapa haikuti maandishi, inakuta picha ya karatasi. Mtu akikupiga wewe picha, ile picha utaisemesha ikujibu?"

Bi Muhuri hakukubali kushindwa kirahisi. Alifungua barua pepe iliyoingia asubuhi ile, ya fundi bomba, ambayo alikuwa hajaishughulikia, akamtumia binti. Simu ikaisoma yote bila kukwama: choo cha ghorofa ya pili kimeziba, kile cha ghorofa ya tatu kinavuja, tafadhali msitupe makaratasi ndani. Wakajaribu somo lingine la idara. Picha. Lingine tena. Picha. Mafaili mia nne na kumi na mbili ya elimu ya juu yalikuwa yamefunga midomo, na kitu pekee ofisini mle kilichoweza kumfikia mwanafunzi vyovyote alivyo kilikuwa malalamiko ya vyoo.

"Hakuna programu ya kugeuza picha kuwa maandishi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ipo. Nimejaribu. Inakwenda vizuri mistari michache, ikifika kwenye muhuri inachanganyikiwa, inatapika herufi mpaka chini." Binti akasita. "Na huo muhuri upo kila ukurasa, mama. Sijui ni nani anaugonga, lakini ana bidii."

Bi Muhuri akaifunga droo ya meza yake. Uso ulimwaka moto, akashukuru, kisha akaona aibu kwa kushukuru, kwamba binti yule hakuweza kuuona.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Mtihani wa saikolojia ulikuwa baada ya wiki tano. Mwaka uliopita binti aliuahirisha kwa sababu hiyo hiyo, hakuwa na cha kusoma, na chuo kinaruhusu kuahirisha mara moja tu. Mara ya pili unafungasha virago. Wenzake walimsomea kwa moyo mweupe, lakini nao walikuwa na mitihani yao. Walisoma kurasa nne, ya tano wakasinzia.

Siku hiyo hiyo Bi Muhuri akaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu alimsikiliza kichwa kikiwa upande.

"Masikitiko makubwa," akasema. "Lakini mama, wewe wa kuniambia tuondoe muhuri? Tukiuondoa, tutajuaje kwamba masomo ni yetu?"

Wiki iliyotangulia Bi Muhuri angesema maneno yale yale, tena kwa ukali zaidi.

Mkuu hakumwacha hivi hivi. Akaunda Kamati ya Ufikivu, ya watu tisa, wote wanaoona vizuri. Ilikutana ghorofa ya nne, na kwa vile lifti ilikuwa mbovu, mjumbe aliyevunjika mguu alituma udhuru. Binti alialikwa kutoa maoni kwa tangazo lililobandikwa ubaoni. Baada ya siku nne kamati ikatoa Mwongozo wa Ufikivu, kurasa kumi na mbili, maneno mazuri matupu. Ukaletwa kwa Bi Muhuri. Akaugonga muhuri, akauskani, akauweka mtandaoni, na alikuwa anarudisha muhuri kwenye droo ndipo akagundua mkono wake umefanya nini. Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Akacheka peke yake, kicheko kisicho na raha.

Lilibaki jambo moja, kumpata mhadhiri wa saikolojia na faili lake la mwanzo. Alimkuta kwenye maegesho anaingia garini.

"Faili?" mhadhiri akasema. "Nilipoona limeshawekwa mtandaoni nikalifuta, hata kwenye barua pepe. Kompyuta ilikuwa inajaa. Si liko salama kwenu?"

"Liko salama, Daktari," Bi Muhuri akajibu. "Salama kabisa. Hata kulisoma halisomeki."

Daktari akacheka, akidhani ni utani, akawasha gari.

Hapo ndipo mama yule alipopiga moyo konde. Kurasa zilikuwa mia moja themanini na sita. Alizichapa upya kwenye karatasi, akazisimamisha kando ya kompyuta kama zamani, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuziandika upya neno kwa neno. Alifika ofisini saa moja kabla ya wengine, na saa ya chakula cha mchana alifunga mlango na kubandika nje karatasi iliyosema "Nipo kikaoni". Karatasi ile ilikuwa na muhuri, kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi. Siku ya kwanza vidole vilikuwa vizito na alitoa kurasa saba. Siku ya nne vilikumbuka kazi yao, akatoa kumi na sita. Kila jioni binti alipita kuchukua zilizokuwa tayari.

"Mama, hapa umeandika 'tazama mchoro'," binti alimwambia siku moja. "Nitautazamaje?"

"Ni mchoro wa ubongo tu."

"Huo ubongo ukoje?"

Bi Muhuri akauangalia ule mchoro kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameshaupiga muhuri. Akaandika: "Mchoro wa ubongo. Umechorwa vibaya." Binti alipousikiliza alicheka mpaka akakaa chini. Wakauandika upya pamoja, sehemu ya mbele inafanya nini, ya nyuma inafanya nini, mshale upi unatoka wapi kwenda wapi, na walipomaliza Bi Muhuri aligundua kwamba sasa anaelewa anachokiandika. Jambo hilo lilikuwa geni kwake. Kwa miaka ishirini na saba maneno ya wasomi yalipita mikononi mwake na kwenda zake, hayakuwahi kumsalimia.

Nyumbani mume wake ndiye aliyepata tabu.

"Wewe bwana," alimwambia mezani, "kila siku unayotaka kwenda kukaa na wenzako unaanza kwa kusifu mchuzi. Unajua hiyo inaitwaje? Uimarishaji chanya. Umenifundisha kama wanavyofundisha njiwa kwenye maabara."

Fundi redio akaacha kutafuna. "Kwani leo mchuzi nimeusema nini?"

"Umesema mtamu."

"Basi mbaya. Chumvi imezidi."

"Hiyo sasa ni adhabu," Bi Muhuri akasema, akaendelea kula kwa utulivu wa mtu aliyefika sura ya tisa.

Ukurasa wa mwisho ulikwisha siku tano kabla ya mtihani. Alilitazama faili lile kwenye kioo, safi, jepesi, jeusi juu ya jeupe, halina muhuri popote. Mkono ulimwasha. Alifikiri kulichapa, agonge ukurasa wa kwanza tu, mmoja, pembeni kabisa. Kisha akawaza ile sauti kavu ikisema "picha", akalihamishia kwenye flashi ya binti kabla hajabadili nia.

Siku ya mtihani, saa tatu na robo asubuhi, mhudumu alikuja mbio. "Mama, unaitwa chumba namba sita. Kompyuta ya yule binti imegoma."

Haikuwa imegoma. Chumba kilikuwa na meza moja, binti akiwa ameketi wima mno, mikono mapajani, na msimamizi wa mitihani aliyejulikana chuo kizima kwa jina la Bwana Sekunde. Mtihani maalumu ulikuwa kwenye kompyuta, kama mwongozo ulivyoagiza. Ofisi ya mitihani ilikuwa imeona idara ya elimu imepata cheti, ikauliza walifanyaje, ikaiga kwa uaminifu. "Ukurasa wa kwanza," ikasema kompyuta. "Picha."

"Si umsomee kwa mdomo?" Bi Muhuri akauliza.

"Kusomewa ni mpaka kibali cha Kamati ya Ufikivu," Bwana Sekunde akasema. "Mwenyekiti amesafiri. Ana mkutano nje, wa mambo hayo hayo ya ufikivu. Na kibali kisipopatikana ndani ya dakika thelathini, nitaandika kwamba mtahiniwa hakufanya."

Hakufanya. Neno dogo tu, na kwa binti lilikuwa na maana ya kurudi kwao na begi lake. Hakulia. Alikuwa anang'ata mdomo wa chini, na Bi Muhuri alipoona vile hasira ilimpanda, hasira ya kweli, na mtu aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

"Nipe hiyo karatasi ya maswali uliyoshika," akamwambia msimamizi. "Na wewe mwanangu, sogea kidogo."

Kurasa mbili, maswali sita. Alizichapa kwa dakika tisa, Bwana Sekunde akiwa amesimama nyuma yake anafuatilia neno kwa neno. Alipomaliza msimamizi alilinganisha, akatikisa kichwa kukubali, halafu akatikisa kukataa.

"Hakuna kosa hata moja. Lakini faili hili halina muhuri. Mtihani usio na muhuri si mtihani, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha hilo kwenye semina."

Kweli, ni yeye. Alikumbuka hata nguo aliyovaa. Macho yakamhama kutoka kwenye kioo hadi kwa binti. Kisha akafungua mkoba wake. Siku za mitihani muhuri haukukaa kwenye droo, ulitembea naye. Akakifunga kifuniko cha kompyuta taratibu, akakifuta kwa kiganja, akaushika muhuri kwa mikono miwili na kuukandamiza juu ya kifuniko, upande wa kulia. Akausainia. Akaupuliza ukauke.

"Kompyuta hii, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake," akasema, "vimepitishwa na idara."

Bwana Sekunde akavaa miwani. Akainama. Akaikagua tarehe, ilikuwa imesimama wima. Akaukagua wino, ulikuwa umekolea pande zote. Akainuka, uso wake umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa sawa," akasema.

"Na muda wake uliopotea?"

"Upi huo?" Bwana Sekunde akashangaa. "Muda unaanza kuhesabiwa mtihani unapokuwa halali. Saa tatu na dakika thelathini na moja. Ana muda wa saa tatu kamili." Akaandika hivyo kwenye daftari lake. Muhula uliofuata kamati ilitoa waraka kwamba kila mwanafunzi asiyeona alete kompyuta yake idarani igongwe muhuri, na waraka huo ukasifiwa kuwa hatua kubwa, lakini hayo ni mambo ya baadaye.

Bi Muhuri akaombwa atoke. Alimgusa binti begani, hakusema neno, kwa kuwa mtihani ulikuwa umeanza na alikuwa ameyaona maswali. Mlango ukafungwa nyuma yake. Hakwenda popote. Alisimama koridoni, mkoba kwapani, sikio karibu na ubao wa mlango, na mtu yeyote ambaye angempita angedhani mama amepatwa na kizunguzungu.

Swali la kwanza lilitaka tofauti kati ya adhabu na uimarishaji hasi, kwa mifano. Yeye alikuwa na mifano mpaka ya jikoni kwake. Ndani kulikuwa kimya. Binti alikuwa na spika za masikioni, anasikiliza swali. Kimya kikaendelea. Bi Muhuri alitamani sana kuvunja kanuni moja zaidi, aufungue tu mlango aseme.

Kisha vitufe vikaanza. Kimoja. Viwili. Kituo. Mtu wa kawaida angesikia kelele tu, lakini yeye alikuwa amekaa miaka kwenye chumba chenye taipureta kumi na mbili na alijua sauti ya mtu anayebahatisha: anapiga, anasita, anarudi nyuma, anafuta. Alisikiliza, akingoja kusita huko. Vitufe vikashika mwendo, vikaenda sentensi nzima, vikavuta pumzi, vikaenda tena, na kile kitufe cha kufuta, chenye mlio wake wa kurudia rudia, hakikusikika. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Matokeo yalikuja mezani kwake baada ya wiki saba, ili agonge kabla ya kubandikwa. Aligonga ukurasa baada ya ukurasa wala hakulitafuta jina la binti yule. Matokeo yake alikuwa ameshayasikia mlangoni.